Damu ya Mtoto Mchanga: Maarifa ya Kuganda kwa Damu na Maneno Yake katika Kiswahili

Kiswahili humwita mtoto aliyezaliwa karibuni mtoto mchanga, na sifa hii ya -changa ndiyo isemwayo juu ya embe lisiloiva, juu ya mboga iliyochipuka jana, na juu ya mwezi unapoandama. Embe changa lina upungufu, kwa kuwa halijafika pale linapotakiwa kufika. Mwezi mchanga hauna upungufu wowote. Ni mwezi ule ule katika zamu yake. Je, uchanga wa mtoto ni wa namna ipi kati ya hizi mbili? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la wanafunzi wa lugha peke yao. Lakini waganga nao wamelibishania kwa muda wa miaka karibu mia moja, wakilitazama katika jambo moja lililo dogo kwa macho na kubwa kwa hatari, nalo ni kuganda kwa damu.

Uzito wa jambo hili huonekana katika mahali kama Matongo, kata ya wilaya ya Tarime katika mkoa wa Mara, upande wa kaskazini wa mto Mara, ng'ambo ya wilaya ya Serengeti. Wenyeji wake wengi ni Wakuria, na lugha ya nyumbani ni Kikuria. Kiswahili kwao ni lugha ya shule, ya soko, ya machimbo ya dhahabu, na ya zahanati. Mkunga wa serikali aliyetoka mkoa mwingine hana lugha nyingine ya kusema na mzazi ila hiyo. Basi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wataka kila mtoto apewe miligramu 1 ya vitamini K kwa sindano ya msuli, baada ya saa ya kwanza ya maisha yake ambayo hukaa kifuani pa mama. Mama akiuliza sindano hiyo ni ya nini, mkunga ana majibu mawili yaliyo karibu na ulimi: kwamba damu ya mtoto ina upungufu, au kwamba sindano itaifanya damu igande. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yaweza kumfanya mama amfunike mtoto wake na kuondoka.

Tuanze na maneno. Neno damu lenyewe latoka katika Kiarabu, lakini vitendo vya damu vimebaki na majina ya Kibantu. Damu hutoka, huvuja, huchuruzika, hukoma, huganda na huvilia. Kuganda si kitendo cha damu peke yake. Maziwa huganda yakawa mgando, mafuta huganda kwa baridi, maji huganda yakawa barafu, na mtu asiyetaka kumwacha mwenziwe husemwa amemganda. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 yaziweka maana hizi karibu karibu, na shina lao laonekana wazi: kitu cha majimaji kimekuwa kigumu, kikashika. Hapana wema wala ubaya katika shina hilo. Kuvilia ni jambo jingine. Ni damu iliyokusanyika chini ya ngozi baada ya pigo, isiyotoka nje wala kurudi ilikotoka. Yaelekea asili yake ni kuvia, kitendo kisemwacho juu ya mtoto aliyedumaa na juu ya kitu kilichokoma kukua kabla ya wakati wake, na huenda yai viza nalo ni la ukoo huo huo. Katika kuvilia, basi, mna lawama: kitu kimekwama mahali ambapo hakikupaswa kukaa.

Hospitali za siku hizi zimehamisha lawama ile kutoka kuvilia zikaitia katika kuganda. Mzee aliyepooza upande mmoja huambiwa kwamba damu imeganda kichwani. Mama aliyevimba mguu baada ya kujifungua huambiwa kwamba damu imeganda mguuni. Na wote wawili hupewa dawa ambayo watu huiita dawa ya kuyeyusha damu. Mama aliyemwuguza baba mkwe wake kwa maradhi hayo, kisha akasikia kwamba mwanawe wa saa moja anataka kuchomwa sindano ya kugandisha damu, ana haki ya kuogopa. Neno upungufu lina taabu yake pia. Upungufu wa damu katika Kiswahili cha leo ni ugonjwa unaojulikana, na tiba yake yajulikana: ini, matembele, na vidonge vya madini ya chuma. Ukisema damu ya mtoto ina upungufu, husikika kwamba mtoto hana damu ya kutosha. Husikika pia, bila kutamkwa, kwamba mama hakula vizuri alipokuwa mjamzito.

Jinsi waganga walivyoyafikia maneno haya, na jinsi baadhi yao walivyoanza kuyatilia shaka, ni historia yenye kustahili kuelezwa kwa kirefu.

Kabla ya maabara, kipimo cha damu ya mtoto kilikuwa ni kisu. Wayahudi huwatahiri watoto wao siku ya nane, na kwa hiyo ndio walioacha maandishi ya kale kuliko yote juu ya watoto wenye kuvuja damu bila kikomo. Talmud ya Babeli ina hukumu kwamba mama aliyefiwa na wana wawili kwa sababu ya tohara hatahiriwi mwana wake wa tatu. Mganga Mwarabu wa Andalusia, al-Zahrawi, aliandika yapata mwaka 1000 juu ya ukoo ambao wanaume wake walikufa kwa majeraha madogo. Katika pwani ya Waswahili siku ya saba ni ya akika na ya kunyoa nywele. Tohara yaweza kufanywa siku hiyo, ijapokuwa wengi hungoja miaka. Kwa Wakuria tohara ya wavulana ni ya ujana, tena ni jambo la rika zima, wala haimgusi mtoto mchanga. Jeraha la kwanza la mtoto wa Matongo ni kitovu chake.

Maradhi ya Talmud na ya al-Zahrawi ni yale yaitwayo sasa hemofilia, maradhi ya kurithi, yasiyomwacha mtu maisha yake yote na yanayowapata wanaume karibu peke yao. Yalifunika macho ya waganga kwa muda mrefu, maana kila mtoto aliyevuja damu alidhaniwa kuwa nayo. Aliyetenganisha mambo haya mawili ni Dakta Charles Townsend wa Boston, Marekani, aliyeandika mwaka 1894 juu ya watoto 50. Watoto hao walianza kuvuja damu siku ya pili au ya tatu baada ya kuzaliwa, kwa kitovu, kwa kinywa, kwa haja kubwa, au chini ya ngozi. Walikuwa wa kike na wa kiume pia. Jambo kubwa zaidi ni kwamba wale waliopona walipona kabisa, wala maradhi hayakurudi. Basi hii haikuwa damu mbovu ya ukoo. Ilikuwa ni damu ya siku chache tu, nayo ilikuja ikapita. Townsend aliipa jina la maradhi ya kuvuja damu ya watoto wachanga, na kwa jina hilo akaacha mlango wazi: yawezekanaje damu ya mtu iwe na desturi moja siku ya tatu, na desturi nyingine mwezi wa tatu?

Jibu la kwanza lilitoka kwa vifaranga vya kuku. Huko Copenhagen, mwaka 1929, Henrik Dam alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta kwa sababu nyingine kabisa, akaona kwamba wanavuja damu na kwamba damu yao inachelewa kuganda. Mwaka 1935 alitangaza kwamba wanakosa kitu kilichomo katika majani mabichi na katika ini, akakiita vitamini K kwa herufi ya kwanza ya neno la kuganda kama linavyoandikwa katika Kijerumani na katika lugha za Skandinavia. Yafaa wanafunzi wa istilahi wakumbuke jambo hili, kwani wengi hudhani kwamba herufi hiyo ilifuata tu mpango wa alfabeti. Edward Doisy wa Saint Louis aliitenga vitamini hiyo na kuonyesha umbile lake mwaka 1939, na wawili hao wakashirikiana tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

Hapa yafaa kueleza kwa ufupi jinsi damu inavyokoma. Mshipa ukikatika hujibana. Chembe sahani, ambazo ni vipande vidogo visivyo na kiini, hukimbilia pale na kushikamana zikaziba. Kisha protini zilizomo katika maji ya damu huamshana moja baada ya nyingine, kama mbiu ya mgambo ipitavyo kijiji kwa kijiji, hata ya mwisho wao, fibrinojeni, igeuke kuwa nyuzi za fibrini na kuufunga mzibo usitoke. Protini hizi zaweza kuitwa vigandishi. Nyingi hutengenezwa katika ini, na nne kati yake, yaani protrombini, ambayo ndiyo ya pili katika hesabu ya kimataifa, pamoja na ya saba, ya tisa na ya kumi, hazifanyi kazi zisipokamilishwa kwa vitamini K. Vigandishi vya mama havipiti kondo. Vitamini K hupita kwa shida sana, maziwa ya mama yana kidogo, na utumbo wa mtoto mchanga haujapata bado vijidudu vya kuitengeneza. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo mno, na akiba hiyo ikiisha siku ya pili au ya tatu, ndipo hutokea yale aliyoyaona Townsend.

Mwaka 1937 Brinkhous, Smith na Warner wa Iowa walipima protrombini ya watoto wachanga wazima, wakaikuta ni kidogo sana kuliko ya watu wazima. Na ya watoto wenye kuvuja damu ilikuwa kidogo zaidi. Matokeo haya mawili hayakuwa sawa kwa maana, lakini yalielezwa kwa neno moja, upungufu. Mtoto mgonjwa alikuwa na upungufu, na mtoto mzima alikuwa na upungufu uliopungua. Kwa mantiki hiyo kila mtoto azaliwaye ni mgonjwa wa kiasi, na dawa ikizidi ni heri zaidi. Mantiki hiyo ilileta msiba wake. Katika miaka ya 1940 na 1950 watoto wengi, hasa wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, walipewa vitamini K ya kutengenezwa yenye kuyeyuka katika maji, kwa vipimo vikubwa kupita haja. Chembe nyekundu zikavunjika, ngozi na macho yakawa ya manjano, na wengine wakadhurika ubongo. Ndipo vipimo vikateremshwa, ikachaguliwa vitamini K ya asili ya mimea, na mwaka 1961 chama cha waganga wa watoto wa Marekani kikashauri kwamba kila mtoto azaliwaye apewe nusu miligramu hadi miligramu 1. Ushauri huo haujatenguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchunguzi wa Bristol, Uingereza, ulitia hofu kwamba sindano hiyo yahusiana na saratani za utotoni, lakini chunguzi kubwa zilizofuata hazikuithibitisha hofu hiyo.

Katika miaka ile ile ya 1950 nchi ya Mara yenyewe ilitoa ushuhuda juu ya damu ya watoto na ya watu wazima, ijapokuwa si juu ya kuganda. Anthony Allison, mganga aliyelelewa Kenya, alikuwa akitafuta sababu ya seli mundu kuwa nyingi karibu na ziwa Victoria na pwani, na kuwa chache katika nchi za baridi za milimani. Mwaka 1954 alitoa hoja yake kwamba mwenye urithi mmoja wa seli mundu hupata kinga ya malaria. Mwaka 1956 zikatoka takwimu zake za Musoma. Watoto wadogo walikuwa 287: kati yao 189 hawakuwa na urithi huo, 89 walikuwa nao kwa mzazi mmoja, na 9 kwa wazazi wote wawili. Watu wazima walikuwa 654, na hesabu yao ilikuwa 400, 249 na 5. Msomaji apige hesabu: wenye urithi mmoja walikuwa 31 katika kila mia ya watoto, lakini 38 katika kila mia ya watu wazima, na wenye urithi wa pande zote mbili walishuka kutoka 3 katika mia hadi chini ya 1. Tofauti kati ya safu ya watoto na safu ya watu wazima ni hesabu ya makaburi. Malaria iliwachukua wengi wa kundi la kwanza, na seli mundu yenyewe ikawachukua karibu wote wa kundi la tatu. Takwimu hizi zimo hata leo katika vitabu vya kufundishia elimu ya urithi, mbali sana na Mara, na huenda wanafunzi wengi wanaozifanyia mazoezi hawajui Musoma iko wapi.

Mtu aweza kusema kwamba Musoma ni habari ya nani aliishi na nani alikufa, wala si ya damu ya mtu mmoja kubadilika. Ni kweli. Lakini mna jambo la pili ndani yake. Mtoto aliyerithi seli mundu kwa wazazi wote wawili haonekani mgonjwa anapozaliwa, kwa sababu zaidi ya nusu ya hemoglobini yake ni ile ya tumboni, isiyopinda chembe. Katika muda wa miezi 6 hivi hemoglobini hiyo huipisha ile ya utu uzima, na hapo maradhi huanza kujitokeza. Hakuna mganga asemaye kwamba mtoto wa siku moja ana upungufu wa hemoglobini ya watu wazima, ingawa kwa hesabu ni kweli kwamba anayo kidogo. Husemwa kwamba ana hemoglobini ya namna yake. Yastaajabisha kwamba hekima hiyo ilichelewa miaka mingi kufika katika elimu ya kuganda kwa damu, hali damu ni moja.

Iliyoifikisha huko ni kazi ya Dakta Maureen Andrew na wenzake wa Hamilton, Kanada. Mwaka 1987 walitoa vipimo vya watoto 118 waliozaliwa wazima na kwa miezi kamili, waliopimwa siku ya kwanza, ya tano, ya 30, ya 90 na ya 180. Mwaka uliofuata wakatoa vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mpaka hapo watu walikuwa wamepima kigandishi hiki au kile, kwa watoto wachache, na kwa damu nyingi mno kwa mwili mdogo. Andrew alipima karibu vyote, kwa damu kidogo, na hakuvipima vigandishi peke yake, bali na vile vinavyovizuia.

Siku ya kwanza, ikiwa kipimo cha mtu mzima ni 100, protrombini ya mtoto ilikuwa yapata 48, kigandishi cha tisa 53, cha kumi 40. Mpaka hapa hoja ya upungufu yasimama. Lakini kigandishi cha nane kilikuwa 100 kamili, fibrinojeni ilikuwa sawa na ya mtu mzima, na ile protini inayozigandisha chembe sahani kwenye ukuta wa mshipa ilizidi, ikafika 150 na kitu. Na upande wa vizuizi? Antitrombini ilikuwa 63, protini C 35, protini S 36. Kwa maneno mengine, mtoto ana mbio kidogo, na ana breki kidogo vile vile. Ndiyo maana mtoto mzima hatokwi na damu ovyo wala damu haimgandi ovyo mishipani. Chembe sahani zake ni nyingi kama za mtu mzima, nazo ni nzito kuamka katika majuma ya kwanza zinapojaribiwa ndani ya chupa. Lakini ukimchoma kidogo na kuhesabu dakika, damu yake hukoma upesi kuliko ya mtu mzima, kwa sababu ile protini ya kunatisha ni nyingi na chembe nyekundu zimejaa. Mizani yake yatulia, ila kwa mawe mengine. Kadiri miezi ipitavyo mawe hayo hubadilishwa moja moja, si yote pamoja: nyingi za protini hizi huwa karibu na za mtu mzima zinapotimia siku 180, lakini protini C wakati huo ilikuwa bado 59, na husubiri mpaka utoto unakwisha.

Kwa vipimo hivi yaweza kujibiwa pia dai moja linaloandikwa mara kwa mara katika vitabu vya dini, kwamba siku ya nane protrombini ya mtoto hupanda juu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Katika watoto wa Hamilton ilikuwa yapata 63 siku ya tano na yapata 68 siku ya 30. Siku ya nane iko kati ya hizo. Sheria ya tohara ina sababu zake kwa wenye kuishika, wala haihitaji msaada wa takwimu isiyokuwapo.

Andrew, aliyefariki mwaka 2001, aliueleza mpango huu wote kwa jina lenye maana ya ukomeshaji wa damu unaokua pamoja na mtoto. Jina hilo halikuwa pambo. Maabara inayomsoma mtoto kwa kipimo cha mtu mzima itaandika kwamba damu yake inachelewa kuganda, na mganga asiye na uzoefu aweza kumtilia mtoto mzima maji ya damu ya mtu mwingine ili kutibu tarakimu. Kosa laweza kwenda upande wa pili pia. Mtoto mwenye hemofilia ya kigandishi cha nane hutambulika siku ile ile anayozaliwa, kwa kuwa kigandishi hicho hakitakiwi kuwa kidogo hata kwa mtoto wa siku moja. Lakini hemofilia hafifu ya kigandishi cha tisa haiwezi kuamuliwa siku hiyo, kwa kuwa kila mtoto anacho nusu tu, na lazima kipimo kirudiwe baadaye. Asemaye "ni upungufu tu wa uchanga" atampoteza huyu, na asemaye "ni maradhi" atawatibu mia bure.

Hata hivyo ingekuwa makosa makubwa kuchukua habari ya mizani na kuigeuza hoja ya kukataa sindano. Mizani iliyotulia kwa mawe mepesi hupinduka kwa kitu kidogo, na vitamini K ndicho kitu hicho. Pasipo sindano, vitabu vya tiba hukadiria kwamba watoto kati ya robo ya mmoja na karibu wawili katika kila mia huvuja damu katika juma la kwanza. Mama aliyekuwa akitumia dawa fulani za kifafa au za kifua kikuu aweza kuzaa mtoto anayevuja damu katika saa 24 za kwanza. Kisha iko namna ya tatu, iliyo adimu na iliyo mbaya kuliko zote, ambayo humjia mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, mwenye afya, aliyekwisha kutolewa nje na kupewa jina, kati ya juma la pili na la kumi na mbili. Na mara nyingi damu hiyo huvuja ndani ya fuvu. Hapa kinachokosekana kinakosekana kweli kweli. Mtoto hana maradhi ya damu, ila amekosa kitu kimoja, na kitu hicho kimo katika kichupa. Maziwa ya mama hayana kosa kwa jambo hili, na yafaa yatetewe, kwa maana hakuna kilicho bora kwake kwa mambo mengine yote.

Basi Kiswahili cha zahanati kingesemaje? Neno kuganda halina budi kubaki katika vitabu, kwa kuwa ndilo neno la kitendo chenyewe, na kulibadili ni kuongeza utata. Lakini mama hakuulizia kitendo, ameulizia kusudi. Na kwa kusudi Kiswahili kina neno lake la zamani lisilo na doa, kukoma. Damu hukoma. Sindano hii ni ya kufanya damu ikome upesi mtoto akipata jeraha, la nje au la ndani. Maneno haya hayamkumbushi mtu baba mkwe aliyepooza. Kadhalika ukomaji wa damu lingekuwa jina zuri kwa mfumo mzima, yaani kujibana kwa mshipa, kuziba kwa chembe sahani, kuganda kwa protini, na kuzuiwa kwa kuganda huko kusizidi, kwani kuganda ni sehemu moja tu ya jambo hilo. Upungufu nao ungewekwa pale unapostahili, kwa vitamini, wala si kwa damu: mtoto hana upungufu wa damu, ana akiba ndogo ya vitamini K. Na katika karatasi za maabara, badala ya kuandika "chini ya kawaida", ingeandikwa kawaida ya siku ngapi. Neno kawaida lisilo na umri, katika damu ya watoto, halina maana.

Kuvilia pia kuna kazi ya kufanya. Kabla ya damu kuvuja ndani ya fuvu, mara nyingi mtoto huonyesha dalili ndogo siku chache mbele: kitovu kilichokwisha kukauka chatoa damu tena, pua yatoa tone, au alama ya samawati yaonekana mwilini. Mtoto wa majuma matano hajatambaa, hajaanguka, hajapigana na mtu. Hana sababu ya kuwa na damu iliyovilia popote. Mama wa Matongo aliyejifunza Kiswahili shuleni na sokoni aweza asijue kigandishi ni nini, wala hakuna haja ajue. Lakini akiambiwa kwamba mtoto wa umri huo akionekana amevilia damu apelekwe hospitali siku ile ile, bila kungoja asubuhi, atakuwa ameelewa yote yanayotakiwa.